Koni ya mpira ya kufungulia chupa: miezi saba mkobani mwangu

Basi lilikuwa limeshapita Segera, jua la utosi, nami nimeshika chupa ya maji ya nusu lita niliyonunua dirishani na hata tone sijaonja. Nimezungusha kwa mkono wa kulia, nimezungusha kwa wa kushoto, nimefunika mfuniko kwa ncha ya mtandio nikajaribu tena. Wapi. Vidonge vyangu vya saa saba viko kwenye kiganja, vimeanza kulowa jasho. Mwisho nikamgeukia kijana aliyekaa pembeni yangu nikamwambia, "Mwanangu, hebu nisaidie hapa." Akaipokea kwa mikono miwili kwa adabu zote, akaitia mdomoni, akaung'ata mfuniko, krak, akanirudishia. "Karibu, mama."

Kijana mwema, Mungu ampe umri mrefu. Lakini maji yale sikuyanywa. Vidonge nilivimeza vikavu, na hadi Chalinze kimoja nilikuwa nakisikia kimekaa kooni.

Nilifundisha sayansi shule za msingi kwa miaka 31, kwa hiyo chaki nimeishika sana, na sasa mikono inanidai. Ni baridi yabisi, na kwangu imekaa hasa kwenye kitako cha kidole gumba, pale gumba linapoungana na kifundo cha mkono. Kalamu nashika, mchele nachagua, nazi nakuna nikijitahidi. Ila kubana kitu kidogo kwa ncha za vidole na kukizungusha kwa wakati mmoja, hapo ndipo maumivu yanapopanda hadi kwenye kiwiko. Na mfuniko wa chupa ya maji hautaki kingine zaidi ya hicho.

Safari hiyohiyo, nikiwa Kariakoo Mtaa wa Kongo kutafuta vitambaa, nikaona kijana kaning'iniza vikorokoro vya jikoni kifuani kama nishani: vichujio vya chai, vimenyeo vya karoti, na vitu kama pia kubwa za mpira za rangi ya bluu. Nikauliza ni nini. "Inafungua chupa, bi mkubwa. Inafungua kila kitu, hata pochi ya mzee." Elfu sita, akasema. Tukavutana, nikaondoka, akanifuata, nikampa elfu nne na mia tano. Vitambaa sikupata nilivyovitaka.

Yenyewe ni koni ya mpira mzito, haina jina wala boksi. Nilipofika nyumbani Tanga niliipima kwa rula ya mjukuu: urefu sentimita 7, mdomo sentimita 6 kwa upana, na ukuta wake mnene karibu sentimita nzima. Ndani ina mikunjo kama ngazi, inapungua kuelekea juu, kwa hiyo mfuniko mdogo unapanda mpaka ngazi ya juu na mkubwa unakwama ngazi ya chini. Unaivisha chupa kama kofia, unaifunika kwa kiganja chote, unabonyeza kidogo na kuzungusha. Pete ya usalama inakatika, tak tak tak, na mfuniko umeachia.

Mara ya kwanza nilidhani nimebahatisha chupa iliyolegea. Nikamtuma mjukuu dukani alete nyingine mbili. Zote zikafunguka. Nikakaa pale jikoni na chupa tatu zilizofunguliwa bila kiu yoyote, mjukuu ananitazama, "Bibi, sasa haya maji yote nani anakunywa?"

Naomba niwe mwalimu kidogo hapa. Darasa la sita nilikuwa nikiwafundisha mashine rahisi, na mfano wangu wa nyenzo daraja la pili ulikuwa opena ya soda. Egemeo linakaa juu ya kizibo, mzigo ni ukingo wa kizibo, jitihada iko mwisho wa mpini mkononi mwako. Ndiyo maana soda ya chupa ya kioo haijawahi kunishinda hata siku moja, hata mkono ukiwa umevimba: mpini unafanya kazi, mimi naegemea tu. Kisha ikaja chupa ya plastiki na mfuniko wa kuzungusha, tukaambiwa ni urahisi, huhitaji opena. Kweli huhitaji, kama vidole vyako ndiyo opena. Mfuniko una upana wa kama sentimita 3 tu, na kwenye chupa nyingi za sasa umefupishwa, hata pa kushika hapatoshi. Koni inarudisha ule mpini tulionyang'anywa. Mkono haushiki tena kitu cha sentimita 3, unashika cha sentimita 6, na kadiri mkono unavyokuwa mbali na kitovu cha mzunguko ndivyo jitihada inavyopungua. Hapa inapungua karibu nusu. Nusu nyingine ya ushindi ni msuguano. Chupa iliyotoka kwenye barafu inatoa jasho, plastiki juu ya ngozi iliyolowa inateleza, mpira unang'ang'ania.

Ila koni peke yake haitoshi, na hili lilinigharimu gauni. Chupa za maji siku hizi ni nyembamba kama karatasi. Ukiibana tumboni kwa nguvu ili isizunguke, inakunja, na sekunde ile mfuniko unapoachia maji yanakurukia kifuani. Shika mabegani, pale chupa inapoanza kupanuka kutoka shingoni. Hapo ni pagumu, hapakunji. Nikiwa kwenye kiti naibana katikati ya magoti, mkono wa kushoto mabegani, wa kulia juu ya koni. Nyumbani naiweka juu ya kitambaa kilicholowa kidogo ili isizunguke mezani.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo niliyeonana naye hospitali nilimpelekea koni yangu aione. Aliipenda kwa sababu moja: inanilazimisha nitumie kiganja badala ya ncha za vidole. Akaniongezea jambo ambalo sikulijua. Kufungua nitumie mkono wa kulia, kufunga nitumie wa kushoto, kwa sababu hivyo mkono unaelekea upande wa gumba na vidole havisukumwi kwenda upande wa kidole cha mwisho, upande ambao viungo vyenye ugonjwa hupinda kwa urahisi. Nimejizoeza. Kufunga kwa kushoto mwanzoni ni kama kuandika kwa mguu, halafu mkono unazoea.

Sasa soda. Soda ya plastiki na koni hii haviivani, au tuseme vinahitaji subira ambayo wakati wa Idi mimi sikuwa nayo. Wageni wamejaa sebuleni, soda ya lita moja na nusu imeletwa na bodaboda kutoka mbali, ya moto na imetikiswa njia nzima. Gesi kwenye kinywaji cha moto haitaki kukaa, inasubiri mlango tu. Ukiufungua mfuniko kwa vidole unasikia ule mlio wa kwanza wa gesi, unasimama, unaiacha ipumue, unaendelea. Watengenezaji wenyewe wamekusudia hivyo: tazama hesi, ile mistari ya kuzungushia iliyo ndani ya mfuniko wa soda, utaona zimekatwakatwa ili gesi ipate njia kabla mfuniko haujatoka. Lakini koni inafunika kila kitu. Huoni povu likipanda, sauti inazibwa na mpira, na kwa kuwa jitihada ni ndogo mkono unapitiliza. Nilizungusha mara moja tu, na doti yangu mpya ya kanga ikapata rangi ya machungwa kuanzia kifuani hadi kwenye jina. Sasa kwa soda nazungusha robo tu, nainua koni, nasikiliza, narudisha.

Kero nyingine ni ndogo lakini ni za kila siku. Mfuniko ukishatoka unabaki umekwama ndani ya koni, inabidi usukumwe kwa kidole, na mara mbili nimeusahau humo nikaenda na mfuniko huku chupa nimeiacha wazi kwa watu. Mpira unakusanya vumbi la mkobani, nyuzi za kanga na makombo ya mahamri, kwa hiyo kila wiki naiosha kwa sabuni na kuianika kivulini. Wiki tatu za kwanza ilinuka kama ndala mpya. Na mkono wenye mafuta ndio adui yake mkubwa: ukimaliza kula mihogo ya kukaanga ukaishika hivyo hivyo, inateleza kuliko mfuniko wenyewe.

Chupa ya achari haifungui. Jemu haifungui. Chupa ya chai haifungui. Yule kijana wa Mtaa wa Kongo aliniongopea, na pochi ya mzee nayo sijaijaribu. Chupa za dawa zile za kubonyeza na kuzungusha inazifungua vizuri mno, nikahamishia dawa zangu juu ya kabati, maana mjukuu wa miaka minne ananitazama kila ninachofanya.

Kabla ya koni nilikuwa na kifaa kingine, cha plastiki ngumu chenye mpini na mashimo manne ya ukubwa tofauti, meno ndani. Nilikinunua elfu nane kwenye duka la mjini lenye kiyoyozi. Kwenye nadharia ni bora, maana mpini mrefu ni mpini mrefu. Kwenye chupa, meno yalitafuna mfuniko mpaka ukawa laini kama kokoto ya mtoni, kisha hata fundi mwenye koleo hangeupata. Wiki ya tatu jino moja likakatika, likafuatwa na la pili. Kimebaki droo ya jikoni na vitu vingine ninavyovionea aibu kuvitupa.

Mshindani wa kweli wa koni yangu nilimpata bure. Tanga ni mji wa baiskeli, kila mtaa una fundi chini ya mti. Nilisimama kwa mmoja kule Ngamiani, Barabara ya 12, nikamweleza shida yangu, akachukua tyubu kuukuu, akakata kipande cha kama shubiri moja, akakipasua kikawa bapa. Nikafungua pochi. "Shikamoo mwalimu, weka hela yako. Darasa la nne ulinichapa kwa ajili ya jedwali la saba, leo nikudai tyubu?" Sikumkumbuka, lakini nilimuuliza saba mara nane, akajibu hapohapo.

Kwa chupa za achari na jemu, kipande kile cha tyubu kinaishinda koni mbali sana. Unakilaza juu ya mfuniko wa bati, kiganja juu yake, unazungusha. Ukigoma, penyeza mpini wa kijiko pembeni hewa iingie, utasikia chupa inapumua, kisha rudia. Kwa mfuniko mdogo wa maji nao inawezekana, ila lazima uuzungushie kama bandeji, na vidole vinarudi kubana kulekule tulikokukimbia. Halafu kinaacha weusi mkononi, na ukikipeleka safari mkoba mzima unanuka gereji.

Kwa hiyo kama husafiri, na shida yako ni vitu vya jikoni, usinunue koni. Nenda kwa fundi baiskeli na hela ya soda yake. Na kama mikono yako ni mizima ila mivivu, pia usinunue, utakuwa umejiongezea kitu cha kuosha. Elfu nne na mia tano zangu zimejilipa barabarani: kwenye basi, kwenye foleni ya kliniki, msibani ambako umekaa mkekani katikati ya kina mama usiowajua na maji yanagawiwa yakiwa yamefungwa. Hapo ukiwa na koni unakunywa unapotaka. Bila koni unakunywa pale atakapojitokeza mtu, na meno yake.

Miezi saba mpira haujapasuka, mikunjo ya ndani haijalika, rangi tu ndiyo imefifia upande unaopata mkono. Safari ya mwisho ya Dar mama mmoja wa makamo kiti cha mbele aliniona nikiitumia, akageuka, akaomba aijaribu. Akafungua yake, akafungua ya mwenzake, konda naye akaleta yake ingawa mikono yake ni kama makasia. Ilizunguka viti vinne kabla ya kunirudia, na mfuniko wa mtu ndani.

Nikifika Kariakoo tena nitachukua mbili. Moja ni ya wifi yangu wa Pangani, ambaye mpaka leo anafungulia maji kwa kuubana mfuniko kwenye bawaba za mlango wa chumbani, na mlango wenyewe sasa haufungi.