Nilimwambia mgeni alipe: programu ya simu ya silabi za Kihispania

Mwaka jana kwenye geti la Loduare, Ngorongoro, nilitoka dirishani na risiti mkononi nikamwambia mgeni wangu, mzee wa Sevilla: "Pague." Nilikusudia kumwambia nimeshalipa. Mzee wa watu akatoa pochi.

"Nimelipa" ni pagué, mkazo mwishoni. Pague, mkazo mwanzoni, ni "lipa" ya heshima. Mdomo wangu wa Kiswahili huangusha mkazo silabi ya pili kutoka mwisho bila kuniuliza. Niliporudi Arusha nikanunua hii programu, shilingi 15,000 kwa mwaka.

Unaandika kitenzi, inakukatia silabi na kupaka rangi ile yenye mkazo. Haihitaji intaneti, kwa hiyo hata Ndutu nafanya mazoezi wageni wakiwa wamelala. Ni nzuri hasa kwenye irabu zinazofuatana. Pienso, "ninafikiri", nilikuwa naikata pi-e-nso, kama ki-a-tu. Kumbe ni silabi mbili tu, pien-so, na hiyo n inabaki nyuma. Chini yake wanakuwekea pen-sa-mos, "tunafikiri": mkazo umesogea mbele, na ile ie imerudi kuwa e. Miaka miwili nilikariri mabadiliko hayo kama kasuku, sikujua kuwa yanafuata mkazo.

Nilichokipenda zaidi ni vitenzi vyenye mkia. Sisi tukitoka leta kwenda leteni, mkazo unahama. Mhispania hahamishi: diga ("sema"), dígame ("niambie"), dígamelo ("niambie hilo"), ni di ileile inayobeba mzigo, na inapozidi kuachwa nyuma ndipo wanaivisha alama. Waungwana sana. Sisi tuna barabara ya lami na mambo yaliyokwenda barabara, tunaziandika sawasawa, msomaji ajijue.

Sasa lawama. Rangi ya mkazo ni njano iliyopauka. Juani, juu ya gari lililofunguliwa paa, huoni kitu. Sauti ya msomaji inakimbia kama ya kondakta wa daladala. "Alicheka" bado wanaiandika rió, wakati tahajia ya Akademia ya Kihispania ya mwaka 2010 inalihesabu neno hilo kuwa silabi moja na kulivua alama: rio. Na vitenzi vya vos, yaani "wewe" ya Waargentina, havimo kabisa, kwa hiyo wageni wa Argentina wakisema vos pagás, "wewe unalipa", unabaki unatafuta. Nimewaandikia watengenezaji mara mbili kuhusu rio. Wamenishukuru kwa kuchagua bidhaa yao.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano imezuiliwa na ile njano. Mwezi wa sita muda wangu unaisha na wameshaanza kunikumbusha. Pagaré, jamani, nitalipa. Mkazo mwishoni.