Hita ya maji ya kununua Unguja: tazama ethi kabla ya bei

Kipupwe kikiingia, wenye nyumba za wageni Paje, Jambiani na Makunduchi huanza kuulizana hita ipi nzuri. Dukani utajibiwa kwa bei. Mimi nauliza jengine: siku ethi ya nyumba, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, ikiwa mbovu, hita hii itamfanya nini aliyesimama chini ya maji? Kwa kipimo hicho, hita ya jua ndiyo ya kwanza. Ni ghali kununua, na siku za masika utaoga vuguvugu, lakini bafuni hauingii waya hata mmoja. Uliza tu kama tangi lake lina koili ya akiba ya umeme. Ikiwa nayo, linataka ethi kama mengine.

La pili ni tangi la umeme la lita 30 au 50. Wati zake ni 1,500 hadi 2,000, kama ampea 7 hadi 9, na koili imo ndani ya ganda la chuma. Maji yetu ya visima yana chokaa, na ya pwani yana chumvi, kwa hiyo ganda huliwa taratibu mpaka umeme ukaingia majini. Uzuri wake, unalichemsha, unazima, ndipo unaingia kuoga. Weka swichi inayokata waya zote mbili, nje ya bafu.

Showa ya papo kwa papo, inayopasha maji yanapopita, naiweka ya tatu, ingawa ndiyo rahisi kuliko zote. Ya wati 5,500 inavuta ampea 24. Mpe fundi waya wa milimita 6 na breka yake peke yake, asiibandike kwenye laini ya soketi. Nyingi koili yake iko uchi ndani ya maji, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri mno. Ukiitaka lazima, nunua iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi, yenye koili iliyofunikwa.

Koili ya kuchovya kwenye ndoo siipangi kabisa.

Sasa hiyo ethi. Huku uwandani chini ni jiwe tupu. Fundi wangu alipiga nondo ya shaba, ikagoma kabla ya nusu mita. Nikamkuta na msumeno anaikata iliyobaki ili afunike kwa saruji. Nondo ikikataa kushuka, chimbeni mtaro penye udongo mlaze waya wa shaba, kisha ipimwe kwa mita. Ethi yenye ukinzani wa omu 100 kwenye volti 230 hupitisha ampea 2.3 tu: breka ya 32 haishtuki, na bomba la chuma linabaki na umeme. Ndiyo maana swichi ya RCD ya miliampea 30 si anasa. Yenyewe hukata kwa uvujaji mdogo hivyo, hata ethi ikiwa dhaifu.

Fundi akikwambia ataunga ethi kwenye nyutro, ule waya wa kurudisha umeme, mwambie asimame hapo hapo. Nyutro ikikatika, mwili wa hita wote unakuwa na umeme.

Na bomba likikutekenya vidole, hata kidogo, usioge. Zima kwenye meni. Kitufe cha T cha kuijaribu RCD kibonyeze kila mwezi, ila hakipimi ethi. Hiyo inataka mita, na mita aje nayo fundi kabla hujamlipa.