Hekalu la Zhinan, Taipei: panda kwa ngazi, acha haraka

Jamani kama uko Taipei usiishie mjini tu, nenda Zhinan. Treni mpaka stesheni ya Zoo, hapo kuna vile vibehewa vya kwenye waya vya kwenda vilima vya Maokong, vipo tangu 2007, vina kituo chao hapo hapo hekaluni, ila Jumatatu huwa havifanyi kazi kwa hiyo cheki kwanza. Mimi nashauri upande na zile ngazi za mawe za zamani, ni kama 1,200 hivi, miguu itawaka kweli lakini miti imefunika njia yote na taa za mawe pembeni zimeota ukungu, pazuri mno. Mungu mkuu wa hapo ni Lü Dongbin, mmoja wa wale Wanane Wasiokufa wa dini ya Tao ya Kichina, ila Confucius na Buddha nao wana kumbi zao na watu wanaomba kote bila shida. Eti wapenzi wakienda pamoja wanaachana, wengine wanaogopa kabisa! Bustani safi, Taipei yote unaiona chini, halafu njia za miguu zinaendelea hadi mashamba ya chai Maokong. Beba maji mengi. Nyota tano.