Kurasa 16 za Kilwa: Uzoefu Wangu na Kiwanda Kilichotuchapia Kitabu

Katika nakala niliyonayo mkononi, ukurasa wa 128 unaishia pale sultani wa Kilwa anapopanda juu ya paa la jumba lake na kuanza kuyahesabu matanga ya Wareno. Ukigeuza ukurasa, umerudi wa 113, na sultani yuleyule bado ni mtoto ambaye mama yake anamshikia kiti. Kurasa hizo 16 zinajirudia zote, kisha hadithi inarukia ukurasa wa 145, vita vimekwisha na watu wanazika maiti. Mapigano yenyewe, kuanzia ukurasa wa 129 hadi wa 144, hayamo kabisa.

Sisi ni wachezaji 11 wa Europa Universalis IV, mchezo wa kompyuta wa mikakati unaoanza tarehe 11 Novemba 1444 na kumruhusu mchezaji kuongoza karibu dola yoyote ya zama hizo, Kilwa ikiwamo. Kila mmoja wetu huandika hadithi kutokana na mchezo wake, na hizo ndizo tulizozikusanya kitabuni. Wasioucheza hudhani tunanakili tu yaliyotokea kwenye skrini, na dhana hiyo ndiyo chanzo cha dharau nitakayoieleza. Mchezo hukupa namba: fedha zilizomo hazinani, ari ya askari, umri wa mtawala, pamoja na taarifa fupi kwamba mrithi amefariki. Nani alimlilia mrithi huyo, na nahodha gani alikataa kutweka tanga siku ya mazishi, hayo huyaandika mchezaji kwa akili na moyo wake. Mwenzetu aliyeandika hadithi ya Kilwa ni mwalimu wa hesabu mkoani Lindi. Kila mtoto wa kule hufundishwa kwamba mwaka 1505 Mreno Francisco de Almeida aliuteka mji ule, na yeye alicheza kwa miezi mingi ili aone kama usingeweza kuokolewa. Zile kurasa 16 zilizokosekana ndilo jibu alilolipata.

Tulichanga fedha, tukapata ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, kutoka Bodi ya Huduma za Maktaba bila usumbufu wowote, tukapeleka mswada wa kurasa 208 kwenye kiwanda kimoja cha Dar es Salaam ambacho sitakitaja. Prufu, yaani nakala ya majaribio, tuliyoisoma na kuisaini ilikuwa kamili. Nakala 200 zilipofika tulishangilia, maana jalada lilikuwa zuri kuliko tulivyotarajia, na siku chache baadaye mwalimu akanipigia simu. Alikuwa amempelekea baba yake nakala Kilwa Masoko, na mzee alipofika ukurasa wa 128 akampigia kumuuliza kama Wareno waliingia mjini au hawakuingia. Ilibidi mwalimu amsimulie kurasa zote 16 kwa simu. Tulipozikagua nakala zote, tukakuta 63 zina kasoro hiyohiyo.

Nilikwenda kiwandani nikiwa mtulivu, na ninasema hivyo kwa dhati. Meneja aliipekua nakala kwa kidole kimoja, akairudisha mezani, akaniambia: “Kaka, hizi ni hadithi za gemu. Kwani zina kichwa au miguu? Msomaji hatajua kama kuna kilichokosekana.” Nikamjibu kwamba msomaji wa kwanza tu amejua, tena ni mzee ambaye hajawahi kugusa kompyuta. Akaniambia tulisaini prufu, kwa hiyo kazi ilikwisha. Nimewahi kukosewa na mafundi wengi na nikasamehe, lakini sijawahi kuambiwa usoni kwamba nilichokiandika hakina thamani ya kupangwa kwa mfuatano wake.

Wakati natoka nilipitia karakana, nikamsalimu mzee anayeunganisha vitabu. “Shikamoo, mzee.” “Marahaba, mwanangu, umekuja kwa ajili ya kile cha Kilwa?” Alinionyesha jinsi karatasi moja kubwa inavyokunjwa ikawa kurasa 16, na jinsi mafungu 13 yanavyopangwa mezani ili fundi aokote moja moja kwa zamu. Fungu la tisa liliharibika mtamboni likapungua. Aliwaambia wachape tena, wakamwamuru ajazie kwa fungu la nane lililobaki ili mzigo utoke siku hiyo. Kumbe walijua! Hapo hasira yangu iligeuka kitu kingine, maana kosa ninaweza kulivumilia, ila huu ulikuwa uamuzi.

Nilikusudia kuwaonya watu wote wasikanyage pale, ila haki inanilazimisha niseme kwamba nakala 137 zilizo kamili ni safi, gundi yake imeshika, herufi zinasomeka vizuri, na bei yao ilikuwa nafuu kuliko kwingine kote tulikouliza. Mwenye kitabu cha hesabu za kikundi au ratiba ya harusi pengine atahudumiwa vema. Lakini kila nikifikia sentensi hiyo namkumbuka mwalimu akisimulia vita vyake kwa simu mpaka salio likamwishia, nami naifuta sifa niliyokwisha kuitoa.

Meneja ameahidi kuzichapa upya kurasa zile, bila kutaja siku. Ukilazimika kwenda, usipakie mzigo garini kabla hujafungua kila nakala na kufuata namba za kurasa hadi mwisho, hata kama dereva analalamika. Mimi sirudi tena, isipokuwa yule mzee afungue karakana yake mwenyewe, na hapo nitampelekea kitabu cha pili asubuhi ya siku ya kwanza.