Programu za ofisi kwenye Linux: ipi uanze nayo

Microsoft haitengenezi Office ya kusakinisha kwenye Linux, na hapo ndipo wengi wanaohamia mfumo huu hukwama. Mbadala upo, tena wa bure. Kabla ya kuchagua, jiulize kwanza: faili zako zinakwenda kwa nani? Anayeandika na kuchapisha mwenyewe anaweza kutumia chochote. Anayepokezana mkataba wa docx (muundo wa faili za Word) na wenzake wenye Word lazima awe mwangalifu zaidi.

1. LibreOffice. Kwa watu wengi hii inatosha, na mara nyingi huwa imeshawekwa pamoja na mfumo. Ilichipuka kutoka OpenOffice.org mwaka 2010, ni huria kabisa (msimbo wake uko wazi kwa wote), na ina kila kitu: Writer ya kuandikia, Calc ya majedwali ya hesabu, Impress ya mawasilisho, hata Base ya hifadhidata. Huhifadhi kwa ODF, muundo wa faili uliokubaliwa na ISO, shirika la kimataifa la viwango, mwaka 2006, kwa hiyo kazi zako hazitafungwa ndani ya programu ya kampuni moja. Hilo kwangu lina uzito mkubwa.

Lawama inayosikika sana ni kwamba hati ya Word ikifunguliwa humo huvurugika. Mara nyingi chanzo ni fonti. Hati imeandikwa kwa Calibri, kompyuta yako haina Calibri, inachukuliwa fonti nyingine yenye herufi pana zaidi. Mstari unakatika mapema, aya inarefuka, na jedwali lililokuwa chini ya ukurasa linasukumwa ukurasa wa pili. Sakinisha Carlito, ambayo upana wa herufi zake ni sawa na wa Calibri, na Caladea badala ya Cambria. Fonti za Liberation zinashika nafasi ya Arial na Times New Roman. Fanya hivyo kabla hujailaumu programu.

2. OnlyOffice Desktop Editors. Kama siku nzima unashughulika na docx, xlsx na pptx (faili za Word, Excel na PowerPoint) za watu wengine, ipandishe hii iwe ya kwanza. Imejengwa juu ya miundo hiyohiyo, na aliyezoea vichupo vya Word hatapotea. Nayo ni huria. Angalia tu kwamba makro zake, yaani programu ndogo zinazofanya kazi za kujirudia zenyewe, huandikwa kwa lugha ya JavaScript, si VBA ya Microsoft Office.

3. FreeOffice. Inatoka SoftMaker ya Ujerumani. Ni nyepesi, inafaa kompyuta ya zamani, na inahifadhi docx. Si huria, na ukitaka vipengele zaidi utalipia SoftMaker Office.

4. WPS Office. Inafanana sana na Office, ila msimbo wake umefungwa. Kwa aliyekuja Linux akitafuta uhuru, sioni sababu ya kuichagua.

Apache OpenOffice iruke: inafungua docx lakini haiwezi kuhifadhi docx.

Usiamue kwa maelezo yangu peke yake. Chukua hati yako ngumu kuliko zote, yenye majedwali, tanbihi na masahihisho yanayoonyesha nani kabadili nini. Ifungue, badilisha sentensi moja, hifadhi, kisha mtumie mwenzako aifungue kwenye Word.

Na kama kazi yako inategemea makro nzito za VBA, usifute Windows bado. LibreOffice inaendesha baadhi tu ya makro hizo, na Excel ya kwenye kivinjari haiziendeshi kabisa.