Kozi ya kuchora sura kwa rangi za mafuta: somo la tabaka la kwanza limeniharibia yote

Nimeimaliza kozi hii ya mtandaoni juzijuzi na hasira haijaisha. Somo lililoniudhi ni moja tu, la tabaka la kwanza.

Mwalimu anachukua rangi nyeusi iitwayo aivori, anaimiminia mafuta ya kitani mpaka inang'aa, anapaka vivuli vyote vya uso. Siku chache baadaye anapitisha juu yake rangi ya ngozi iliyozimuliwa kwa tapentaini. Jamani! Mafuta ya kitani hayakauki kama maji. Yanavuta hewa na kuwa magumu polepole. Nyeusi ile ina mafuta mengi na hukawia mno kukauka. Tabaka la juu likikakamaa huku la chini bado linacheza, lazima lipasuke. Na langu likapasuka: nyufa nyembamba kama unywele, kutoka chini ya jicho hadi kwenye taya, palepale nyeusi ilipokuwa nzito.

Nikamwandikia kwa adabu. Akajibu: "Wengine hawajalalamika. Nunua rangi nzuri." Rangi ina kosa gani? Tabaka la kwanza linataka amba, rangi ya kahawia, hiyo hukauka upesi, uizimue kwa tapentaini iwe nyepesi kama chai. Mafuta unaongeza kidogo kidogo kila tabaka linalofuata. Hilo hufundishwa kabla mwanafunzi hajagusa turubai.

Kinachoniuma ni kwamba somo la vipimo ni zuri kweli: macho yakae katikati ya kichwa, si juu kama wengi tunavyoyapandisha, na kati yake pawe na nafasi ya jicho moja. La rangi ya ngozi ni zuri zaidi. Anatumia nne tu, oka ya njano, vermilioni ambayo ni nyekundu, nyeusi na nyeupe, zile zinazohusishwa na mchoraji Mswidi Anders Zorn, na anaonyesha kwa karibu jinsi tone la nyeupe ndani ya kivuli cha shavu linavyoufanya uso uonekane umepakwa majivu. Kwa dakika zile tu ningempa nyota nne.

Nilishaandika tatu. Kisha nikakumbuka kwamba katika kozi nzima hakuna neno kuhusu matambara ya kufutia brashi. Matambara yenye mafuta ya kitani yakirundikwa hujipasha moto yenyewe hadi kuwaka. Yanatakiwa kutandazwa yakauke, au kulowekwa majini kwenye kopo la bati lenye kifuniko. Nimefuta nyota mbili.