Kizuizi cha mtoto cha mlango wa jikoni, Birere (mtaa wa Goma)

Nililipa dola 15 kwa seremala mmoja wa Birere, chukudu (skuta ya mbao ya kubebea mizigo) ikakileta mpaka nyumbani. Mbao ngumu, harufu nzuri, randa imepita vizuri. Lakini alizipigilia za kulala! Mwanangu wa miezi 11 alikitazama kidogo, akaweka mguu ubao wa kwanza, wa pili, kisha nikamkuta juu ananichekea, na mbabula (jiko la makaa) inawaka upande wa pili. Ni ngazi tu nilikuwa nimenunua.

Nilikirudisha. Fundi alicheka (mimi sikucheka), akazipigilia upya za kusimama bila kuongeza bei, ila nilingoja siku 9. Sasa mtoto anakitikisa tu kama mfungwa. Komeo bado linakwama. Ukienda, mchoree kabisa kwenye karatasi.